Kabla ya Kununua Pampu, Lowesha Utambi

Maneno haya niliyasema Tanga, mwezi wa Februari, mbele ya mafundi kompyuta na wanafunzi wao. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, ila hesabu nilizozipitia mbio pale ukumbini nimezipanga hapa vizuri zaidi.

Wazee wangu, mafundi wenzangu, vijana, asalaam aleikum na habari za mchana.

Kabla sijaanza, naomba binti aliyekaa hapa mbele anisaidie kazi moja. Mwanangu, mezani nina vipimajoto viwili vya kioo, vile virefu vya maabara. Hiki cha kulia nakiacha kama kilivyo. Hiki cha kushoto nakivisha kipande cha utambi wa kandili ambacho hakijaguswa na mafuta hata siku moja, na ncha ya utambi naitumbukiza kwenye bilauri hii ya maji ya mvua. Shika huu upepeo wa ukili, uvipepee vyote viwili dakika tatu bila kupumzika, kisha utusomee. Sisi tutaendelea kuzungumza.

Swali lililonileta hapa nimeulizwa na vijana zaidi ya ishirini mwaka huu peke yake. Wameona kwenye simu zao mnara mdogo wa kupozea kompyuta, uliotengenezwa kwa bomba la PVC: juu umefungwa kichwa cha bomba la mvua, chini kuna ndoo, ubavuni kuna feni. Maji yaliyochukua joto kutoka kwenye prosesa, ile chipu kuu ya kompyuta, yanapandishwa juu na pampu, yanamwagika kama mvua ndani ya bomba, yanakutana na upepo wa feni unaopanda, na yakifika ndooni yamepoa. Hakuna gesi, hakuna kompresa, umeme wake ni wa pampu ya tangi la samaki na feni moja. Aliyeurekodi anaonyesha maji yake yako baridi kuliko hewa ya chumba. Kijana wa Tanga anaona, anahesabu bei ya bomba na pampu, anauliza: na mimi nifunge?

Swali hilo nalipenda, na sitalijibu kwa kumkatisha mtu tamaa. Kitu kile ni cha kweli. Nyumbani kwa bibi yangu, Pangani, kulikuwa na gudulia la maji ya kunywa, nalo lilikaa dirishani, si jikoni wala uvunguni. Pale dirishani ndipo upepo ulipopita. Kwa nje lilikuwa na unyevu siku zote, kama shingo ya mtu anayelima. Gudulia jipya lilipoza kuliko la zamani, kwa sababu vitundu vya udongo wake vilikuwa bado havijazibwa na chumvi ya maji. Na bibi aliijua miezi. Wakati wa kusi maji ya gudulia yalitia baridi kwenye meno. Ikija kaskazi, zile siku za fukuto ambazo kanga iliyofuliwa asubuhi inaanuliwa jioni ikiwa bado ina ubichi, maji ya gudulia yalikuwa maji tu. Gudulia lilikuwa lile lile na dirisha lile lile. Kilichobadilika ni hewa.

Maji yanapogeuka mvuke hayaondoki mikono mitupu, yanabeba joto. Lita moja ikigeuka mvuke katika joto la huku kwetu inaondoka na kilojuli 2,430 hivi. Ukitaka kuipima namba hiyo, chukua lita ile ile uipashe nyuzi kumi tu, kutoka 25 hadi 35: utatumia kilojuli 42. Yaani lita moja inayoruka inafanya kazi ya lita karibu 58 zinazopashwa moto nyuzi kumi. Ndiyo maana jasho kidogo mgongoni linaweza kumwokoa mtu mzima juani.

Sasa tuchukue kompyuta yenye kadi nzuri ya picha, inayokula wati 300 ikifanya kazi. Kwa saa moja inatoa kilojuli 1,080 za joto. Gawa kwa 2,430: maji yasiyofika hata nusu lita, kama sehemu 0.44 ya lita. Ndoo ya lita 20 inaitosha mashine hiyo saa 45. Mtu akiiona hesabu hii kwa mara ya kwanza anashindwa kuelewa kwa nini dunia nzima haifanyi hivyo.

Naona binti yetu amemaliza. Anasema kikavu kinasoma nyuzi 30, chenye utambi kinasoma 26. Asante mwanangu. Andikeni namba hizo mbili, maana mazungumzo yote ya leo yamo ndani yake.

Nyuzi 26 ndio ukuta wetu. Kwa hewa ya ukumbi huu, mnara wa aina hii, uwe wa PVC au wa zege wenye kimo cha ghorofa tano, hautayapoza maji chini ya 26. Ule utambi tayari umefanya kila ambacho mnara ungefanya: umelowa, umepepewa, maji yake yameruka hadi hewa ikasema basi. Mnara wenyewe hauufikii ukuta huo. Mnara mzuri wa kiwandani unaishia nyuzi tatu au nne juu yake, na wa kwetu wa bomba, kwa kuwa mzigo wake wa joto ni mdogo, ukishika mbili au tatu ni fundi amefanya kazi. Kwa hiyo tukiwasha hapa, maji yatakaa 28 au 29. Hewa ni 30. Tumepata nyuzi moja au mbili.

Nawaambia hivi si kwa kusoma vitabuni tu. Mnara wangu wa kwanza niliujenga Dodoma, mwezi wa Agosti. Bomba la inchi nne, urefu mita moja na nusu, kichwa cha bomba la mvua nilikitoboa upya kwa sindano ili matone yawe madogo, kwa sababu matone madogo yana uso mpana wa kukutana na hewa. Feni ilikuwa ya volti 12, ya kutoka kwenye pawa saplai mbovu, kile kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme. Kipande cha shaba cha kupitishia maji juu ya prosesa nilichongewa na fundi wa mashine za kutengeneza ufunguo. Nilivyowasha, hewa ya chumba ilikuwa nyuzi 28, kavu ile ya Dodoma inayopasua midomo. Baada ya saa moja nikachovya kipimajoto ndooni: 21. Nikakitoa, nikakifuta, nikachovya tena. 21. Kabla yake nilikuwa natumia rejeta, ya mapezi na feni kama ya gari, na rejeta, hata ikiwa ya gharama gani, haiwezi kuyashusha maji chini ya joto la hewa inayopita katikati ya mapezi yake. Maji yangu yalikuwa yanakaa 33. Prosesa ilishuka nyuzi kumi na mbili kwa siku moja. Usiku ule sikulala, nilikaa namsikiliza feni na yale maji yanavyonyesha ndani ya bomba.

Miaka miwili baadaye nikarudi huku, na mnara wangu juu ya basi. Ofisi moja ilikuwa na mashine ya kuchakata picha za ramani ambayo ilikuwa inajizima kila mchana kwa joto. Nikajitolea kwa moyo mkunjufu. Nikafunga mnara ule ule, pampu ile ile, feni ile ile, ndani ya chumba kidogo ilimokaa mashine. Ilikuwa Februari kama sasa. Hewa nyuzi 31, unyevu asilimia 75. Maji yalitulia kwenye 30. Nikajiambia labda pampu imechoka, nikanunua kubwa zaidi. Yakabaki 30. Jioni wenye ofisi wakafunga madirisha na mlango kwa ajili ya usalama, kama ilivyo desturi, wakaiacha mashine ikifanya kazi usiku kucha.

Nilichokikuta asubuhi nakikumbuka hadi leo. Kioo cha dirisha kilikuwa kinatiririka kwa ndani. Mafaili ya karatasi yalikuwa yamevimba, ukiyashika yanalegea kama chapati ya jana. Maji ya ndooni yalikuwa 34. Mashine ilikuwa imezima. Baada ya wiki tatu za namna hiyo, kabla sijaelewa ninachokifanya, skrubu zilishika kutu na miguu ya kadi za kumbukumbu za kompyuta ikaota ule ukijani wa shaba. Mashine ile haikupona. Kosa lilikuwa langu, na nimeizunguka nchi hii nikilieleza ili mwingine asilirudie.

Sikuupima utambi, hilo ndilo kosa lenyewe. Niliijua asilimia ya unyevu, lakini asilimia nilikuwa siielewi, na nina hakika wengi humu hatuielewi. Tunasema unyevu ni asilimia 65, asilimia 95. Asilimia ya nini? Ni asilimia ya mvuke ambao hewa hiyo, katika joto hilo, inaweza kuubeba. Na uwezo wa kubeba unabadilika sana. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 20 inajaa ikiwa na gramu 17 hivi za mvuke. Hewa ya nyuzi 30 inajaa ikiwa na gramu 30.

Chukua siku moja ya hapa Tanga. Alfajiri, nyuzi 24, redio inasema unyevu asilimia 95. Saa nane mchana, nyuzi 31, unyevu asilimia 65. Mtu atasema hewa imekauka. Haijakauka. Piga hesabu ya mvuke wenyewe: alfajiri gramu kama 21 kwa mita ya ujazo, mchana gramu kama 21. Mvuke ni ule ule, kikapu ndicho kilichopanuka. Sasa ulize utambi. Alfajiri utambi utasoma kama 23 na nusu, mchana utasoma karibu 26. Kwa hiyo ile saa ambayo kipimo cha unyevu kinatisha, 95, ndiyo saa ambayo mnara unaweza kukupa maji ya baridi zaidi, na ile saa inayoonekana nafuu, 65, ndiyo saa mbaya. Lakini tazama kitu kingine. Alfajiri hewa yenyewe ni 24. Rejeta ya kawaida, isiyokunywa maji hata tone, itakupa karibu kile kile. Faida ya mnara ni ule umbali kati ya kipimajoto kikavu na chenye utambi. Alfajiri umbali huo hapa ni nusu digrii. Mchana ni tano. Dodoma siku ile ulikuwa kumi.

Nenda jangwani sasa. Hewa nyuzi 38, unyevu asilimia 15. Huko mtu anaungua, na kompyuta yenye rejeta iko taabani. Lakini lowesha utambi: unasoma 19 na nusu. Joto la 38 la jangwani linatoa maji ya baridi kuliko joto la 30 la Tanga. Ndiyo maana mafundi wanaoonyesha minara yao wakifurahi mara nyingi wako mahali pakavu. Phoenix, kule Arizona, nyumba nyingi zilipozwa kwa visanduku vya maji na feni kwa miaka mingi, na Juni, mwezi mkavu, vinafanya kazi vizuri sana. Ikifika Julai upepo unageuka, unaleta mvuke kutoka kusini, na kisanduku kile kile kinamwaga fukuto ndani ya nyumba. Wenye ndugu Omani waulizeni: mtungi unaoning'inizwa Nizwa, bara, na mtungi unaoning'inizwa Maskati karibu na bahari mwezi wa Julai, je, maji yake yanalingana?

Nirudi kwenye kile chumba kilichofungwa, kwa sababu hapo ndipo vijana wengi watakapoumia. Fanya chumba cha mita tatu kwa nne, dari mita mbili na nusu. Mita 30 za ujazo. Kwa nyuzi 30 chumba hicho chote kinaweza kubeba gramu 900 za mvuke, basi. Tuseme unyevu ni asilimia 60: tayari zimo gramu 540. Imebaki nafasi ya gramu 360. Mashine yetu ya wati 300 inarusha gramu 440 kwa saa. Kama chumba kimezibwa kabisa, kinajaa kabla saa moja haijatimia. Chumba cha kweli kina nyufa, kinavuja chini ya mlango na juu ya dari, kwa hiyo kitachukua muda zaidi, lakini safari ni ile ile. Na hewa ikishajaa, hakuna tone linaloruka tena bila joto kupanda. Maji yanapanda joto, hewa inapanda nayo, na kila kitu chenye ubaridi kidogo, kioo, ukuta wa nje, kabati la chuma, kinapokea maji.

Tena lile joto halijaenda popote. Hili naomba mlishike sana. Mnara haulimalizi joto, unalificha ndani ya mvuke. Mvuke ukitoka nje ya jengo, joto limetoka. Mvuke ukibaki chumbani, utageuka maji kwenye kioo, na pale unapogeuka maji unairudisha kila kilojuli uliyoichukua. Nilikuwa nimeitoa mashine joto kwa mkono wa kulia na kulirudisha chumbani kwa mkono wa kushoto, tena likiwa na maji.

Msidhani ni makosa ya mafundi wadogo. Mwaka 2011 kampuni ya Facebook ilikuwa imefungua kituo chake kikubwa cha data Prineville, Oregon, nyanda za juu zilizo kavu, mahali hasa panapofaa kupoza kwa mvuke. Kituo kilinyunyizia maji kwenye hewa ya nje na kuipitisha mbele ya seva, zile kompyuta za kutunza na kutuma data, bila viyoyozi vya kawaida. Mwezi wa Juni mfumo wa kudhibiti hewa ulikosea. Ukafunga njia ya hewa ya nje, ukaanza kuizungusha hewa ya moto iliyotoka nyuma ya seva. Hewa ile ilikuwa ya moto na kavu, basi mitambo ya maji nayo ikaona kazi ipo, ikamwagia kwa nguvu zote. Hewa iliyofika mbele ya seva ikapita nyuzi 26, unyevu ukapita asilimia 95, maji yakatunga ndani ya pawa saplai, na baadhi ya seva zikazima. Kampuni yenyewe ilieleza jambo hilo hadharani. Niliposoma maelezo yale niliuona mlango wa ile ofisi yetu umefungwa.

Kuna mzee mmoja hapo nyuma ameniuliza wakati tunaingia: je, mabomba hayatatoa jasho, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, yadondoshee maji kwenye bodi? Mzee wangu, swali lako ni zuri, na jibu lake linapendeza. Jasho la chupa linatokea kama chupa ina baridi kupita ile nukta ya umande, yaani joto ambalo hewa ya pale ikishuka hadi hapo inaanza kuachia maji. Utambi uliolowa haushuki chini ya nukta ya umande hata siku moja. Kwa hiyo maji ya mnara unaovuta hewa ile ile iliyoizunguka mashine hayawezi kulifanya bomba lake litoe jasho. Anayeweka barafu ndooni ndiye atakayeona mabomba yanadondosha. Hatari ya mnara ni ile niliyoisema, kukijaza chumba chote mvuke mchana kutwa, halafu usiku kuta zikipoa ndipo maji yanapotua. Na nyingine ni kuweka mnara kwenye chumba kimoja na kiyoyozi: kiyoyozi kitashughulika usiku kucha kuyatoa maji ambayo mnara unayatia, na bili ya umeme itawaambia.

Basi nifunge au nisifunge? Kwa Tanga, Pangani, Mombasa, Unguja, Dar es Salaam, wakati wa kaskazi, jibu langu ni usifunge. Nyuzi mbili hazilipi kutu. Kama mahali ulipo utambi unasoma nyuzi nane au zaidi chini ya kile kikavu, miezi mingi ya mwaka, jenga, lakini mnara ukae nje, barazani au juu ya paa penye kivuli, na mabomba yapite ukutani. Maji yanayomwagika yasiingie kwenye mashine. Yapoze maji mengine yaliyofungwa ndani ya mzunguko wake, kwa kuyapitisha kwenye koili ya shaba iliyozama ndooni. Utapoteza nyuzi mbili tatu hapo, lakini utaokoa mashine. Kwa nini? Kwa sababu maji yanaporuka yanaacha chumvi yake. Lita 20 za maji ya kisima zikiruka, chumvi yote ya lita 20 imebaki ndooni, na unaongeza nyingine 20. Mmeuona ukoko chini ya birika la chai. Ukoko huo ukikaa kwenye mifereji myembamba juu ya prosesa, maji hayapiti. Mwaga ndoo yote mara kwa mara na uisugue, usingoje ibadilike rangi. Maji ya uvuguvugu yanayorushwa hewani yanafuga vijidudu pia. Mwaka 1976, Philadelphia, watu waliohudhuria mkutano hotelini walipata homa kali ya mapafu, baadhi yao wakafa, na kijidudu kilichogunduliwa baadaye, Legionella, kilihusishwa na maji ya mfumo wa kupoza hewa wa hoteli hiyo. Sisemi ndoo yako itaua mtaa. Nasema isugue.

Na kuna jambo ambalo linanikaa moyoni kuliko hayo. Mahali ambapo mnara unafanya kazi vizuri ni mahali pakavu, na mahali pakavu ndipo maji yanapotafutwa. Dodoma inategemea visima vya Makutupora. Nilipokuwa nafurahia nyuzi zangu 21 nilikuwa narusha hewani zaidi ya lita kumi kwa siku, na mama wa jirani alikuwa anapanga foleni na madumu. Mashine moja si kitu. Chumba chenye seva mia tatu ni habari nyingine, na vijana mtakaoitwa kesho kushauri juu ya vituo vya data vya nchi hii, ulizeni maji yatatoka wapi kabla hamjauliza umeme.

Sisi wa pwani tunayo njia nyingine, nayo naipenda zaidi kadiri ninavyozeeka. Kwani nani alisema maji lazima yawe ya baridi? Prosesa nyingi za leo zinavumilia nyuzi 80 bila shida, na zinaanza kujipunguza kasi zikikaribia mia. Mwaka 2010 watafiti wa IBM na chuo kikuu cha ETH cha Zürich waliwasha kompyuta iliyoitwa Aquasar, iliyopozwa kwa maji yanayoingia yakiwa na nyuzi 60 hivi. Maji ya moto kuliko ya kuogea! Iliwezekana kwa sababu mifereji ya kupitishia maji ilikuwa myembamba sana, imekaribiana na chipu kabisa, joto likapata njia fupi ya kutoka. Ukiwa na maji ya nyuzi 40, hewa ya Tanga ya 31, hata ikiwa na unyevu wa kukamuliwa, ni baridi tosha. Rejeta kubwa, feni kubwa inayozunguka polepole, mzunguko uliofungwa usiovuja, na paste nzuri ya kupitisha joto chini ya kile kipande cha shaba. Fedha ya pampu ya pili niliyoinunua kwa kutojua ningeinunulia rejeta ya pili, na ile mashine ya ramani labda ingekuwa inafanya kazi hadi leo. Hapo unyevu hauna la kukufanya, maana hakuna tone unaloliomba liruke.

Mwanangu, pepea tena vipimajoto vyetu, dakika tatu, utusomee mara ya mwisho.

Anasema kikavu 31. Chenye utambi 27 na nusu.

Angalieni. Tumeingia humu watu kama mia mbili, tukafunga madirisha ili kelele za barabarani zisimeze kipaza sauti, na mapangaboi yamekuwa yakizungusha hewa ile ile. Kwa saa moja tu pumzi na jasho letu limeupandisha ukuta kwa digrii moja na nusu. Hakuna aliyeona mvuke, lakini utambi umeuona.

Fungueni madirisha yote, tafadhali. Mnara niliokuja nao uko barazani, upande wa kivuli, na ndoo imeshajazwa. Chukua vipimajoto na bilauri, mwanangu, utangulie. Tutapima kwanza hewa ya pale nje, kila mmoja aandike kwenye daftari lake anachodhani maji yatasoma, ndipo tuwashe pampu.